Boma la Mpala: Nyumba ya Udongo na Habari Zake

Mtu akipanda mashua hapa Uvira na kufuata ufuko wa magharibi kwenda kusini, atazunguka rasi ya Ubwari, ataiacha Baraka nyuma yake, na baada ya safari ndefu atafika Kalemie. Akiendelea bado, kabla hajafika Moba, ataona mahali mto Lufuko unapomwaga maji yake ziwani. Hapo ndipo Mpala. Ng'ambo ya pili ya ziwa, karibu kuelekeana napo, iko Karema katika nchi ya Tanzania. Mahali hapa pawili ni kama ndugu wawili waliozaliwa na mama mmoja, kisha wakatenganishwa na mpaka.

Mara nyingi sisi makatekista wa Kasenga twaulizwa na vijana: Imani yetu ilianzia wapi kando ya ziwa hili? Twawajibu kwa majina ya mapadre na kwa tarehe. Lakini leo twataka kujibu kwa njia nyingine. Twataka kuwaeleza habari za nyumba. Kwa maana nyumba nayo ni shahidi. Hukaa kimya, lakini haisahau ni nani aliyeijenga, ni nani aliyefungwa ndani yake, na ni nani aliyekimbilia mlangoni pake akapona.

Wapo wanaosema: "Boma lile ni la Wazungu, liache lianguke, halituhusu." Wapo na wengine wasemao: "Pale ni mahali patakatifu, tusitaje habari za damu." Sisi twaona kwamba wote wawili wanakosea, nao msomaji mwenyewe ataamua akiisha kusoma.

Wageni wa ufuko

Tuanze na asili yake. Mwezi wa Septemba 1876 Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji aliwakusanya wasafiri na wenye elimu mjini Bruseli. Wakaanzisha chama kilichoitwa Chama cha Mataifa cha Afrika. Maneno yao yalikuwa mazuri: kuzipima nchi, kufungua vituo, kuikomesha biashara ya watumwa. Yaliyokuwa moyoni mwa mfalme yalijulikana baadaye.

Watu wa chama hicho walifika ziwani kwa njia ya Tabora. Mwaka 1879 Kapteni Cambier akaanza kituo cha Karema. Baada yake wakaja wengine, na baadhi yao walizikwa huko huko kwa homa. Mwaka 1882 alifika Luteni Emile Storms kukishika kituo. Mwaka uliofuata, mwezi wa Mei 1883, Storms alivuka ziwa akaja upande wetu. Mwenyeji wake alikuwa mtawala aitwaye Mpala, ambaye jina lake limebaki mahali pale hata leo. Wawili hao wakachanjiana, wakawa ndugu wa damu, kama ilivyokuwa desturi ya nchi mgeni anapotaka kukaa kwa amani. Ndipo kazi ya kujenga ikaanza.

Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Lakini tutaona kwamba si kila mwenyeji alipona.

Udongo na mpango wake

Boma la Mpala halikuletwa katika sanduku kutoka Ulaya. Lilitoka katika udongo wa Mpala. Matofali yake yalikuwa mabichi, yaliyokaushwa kwa jua. Mpango wake ulifuata ule ambao wafanyaji biashara wa Unguja na Omani walikuwa wameuzoea katika miji ya bara, kama Tabora na Ujiji, yaani mpango wa tembe. Kuta zazunguka pande nne, vyumba vimeegemea kuta hizo kwa ndani, na katikati kuna ua. Nje, mtu haoni ila ukuta na mlango. Ndani ndimo mna maisha: jiko, ghala, kisima cha mazungumzo na kivuli cha baraza. Livingstone na Stanley walipokutana Ujiji mwezi wa Novemba 1871 waliketi barazani pa nyumba ya namna hiyo. Na nyumba waliyokaa baadaye Kwihara, karibu na Tabora, ilijengwa upya mwaka 1957, nayo yaonyesha vizuri mpango huo.

Kwa nini watu walipenda mpango huu? Sababu ya kwanza ni usalama. Katika miaka ile ya kutekana, nyumba yenye mlango mmoja ni rahisi kulindwa. Sababu ya pili ni hewa. Ukuta mnene wa udongo hupokea joto polepole mchana kutwa, nao hulitoa polepole usiku. Kwa hiyo jua likiwa kali chumbani mna ubaridi, na pepo za ziwa zikivuma alfajiri chumbani mna joto kidogo. Kila fundi wa kwetu ajua jambo hili, hata kama hakulisoma kitabuni.

Lakini udongo una sheria zake. Fundi huchagua udongo usio na mchanga mwingi mno wala ufinyanzi mwingi mno. Mchanga ukizidi, tofali humomonyoka. Ufinyanzi ukizidi, tofali hupasuka likikauka. Huchanganya na nyasi zilizokatwakatwa, hukanyaga kwa miguu mpaka mchanganyiko ulainike, hujaza katika kalibu, kisha huanika. Hayaachi matofali juani siku ya kwanza bila kuyafunika, yasije yakakauka upande mmoja. Akiisha kujenga, humaliza kwa kukandika, na kila mwaka baada ya masika ukuta wataka kukandikwa tena. Nyumba ya udongo si kama jiwe ambalo mtu hulisimamisha na kwenda zake. Ni kama shamba: asiyelitunza amelipoteza.

Basi tujiulize: Ni nani aliyekanyaga udongo wa Mpala? Ni nani aliyechota maji ya Lufuko, aliyekata boriti milimani, aliyeleta nyasi za kuezekea? Vitabu vya Ulaya vyasema, "Storms alijenga Mpala." Lakini Storms alikuwa mtu mmoja mwenye mikono miwili. Waliojenga ni waungwana wa pwani waliokuja na msafara, na watu wa nchi, wanaume kwa wanawake. Majina yao hayakuandikwa. Mikono yao ndiyo iliyoandika ukuta.

Damu mlangoni

Sasa twafika penye habari ngumu. Katika milima ya nyuma ya Mpala alikaa mtawala wa Watabwa aitwaye Lusinga. Lusinga mwenyewe hakuwa malaika. Aliteka watu na kuwauza, na wengi walimwogopa. Lakini Storms hakutafuta shauri naye wala hukumu juu yake. Aliona kwamba katika nchi ile hapawezi kuwa na wakubwa wawili. Mwezi wa Desemba 1884 watu wake walipanda mlimani, wakamwua Lusinga, wakamkata kichwa, wakakileta bomani. Kijiji chake kiliteketezwa, na watu wake wakachukuliwa.

Storms aliporudi Ulaya alichukua fuvu la Lusinga pamoja na mafuvu ya watawala wengine wawili. Alichukua pia sanamu ya mti iliyokuwa ya ukoo wa Lusinga, ambayo baadaye iliingia katika makumbusho ya Tervuren, karibu na Bruseli. Mafuvu hayo yalipimwa na wataalamu kama vile watu wapimavyo pembe za wanyama, kisha yakawekwa katika sanduku miaka mingi. Katika siku zetu mambo hayo yametajwa waziwazi nchini Ubelgiji, na mwaka 2022 sanamu ya Storms iliyosimama katika uwanja mmoja wa Bruseli iliondolewa.

Mkristu asome habari hii bila kugeuza uso. Chama kilichosema kimekuja kukomesha utumwa kilikata vichwa ili kitawale. Na boma lile lile ambalo baadaye Misa ilisomwa ndani yake ndilo lililopokea kichwa cha mtu. Hatuwezi kuutenga ukuta mmoja tukasema huu ni wa habari njema, na ule ni wa habari mbaya. Udongo ni ule ule.

Nyumba yabadili kazi

Wakati huohuo wakubwa wa Ulaya walikuwa wakikutana Berlin, kuanzia Novemba 1884 mpaka Februari 1885. Baada ya mkutano huo Mfalme Leopold alielekeza nguvu zake katika mto Kongo, akaona vituo vya Tanganyika havimfai tena kwa wakati ule. Akamwachia Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa Mapadre Weupe, vituo viwili: Karema na Mpala. Mwaka 1885 mapadre wakaingia Mpala, wakiongozwa na Padri Moinet, naye Storms akaondoka.

Mapadre hawakuwa wageni wa ziwa. Walikuwa wamefika Ujiji mwezi wa Januari 1879. Mwaka huohuo walijenga Rumonge katika nchi ya Burundi, na huko tarehe 4 Mei 1881 Padri Deniaud, Padri Augier na msaidizi wao D'Hoop waliuawa. Walikuwa wamejenga pia Mulweba katika nchi ya Masanze mwaka 1880, kisha Kibanga mwaka 1883, huko upande wa Ubwari, si mbali sana nasi. Kwa hiyo walijua maana ya kukaa bila ukuta katika nchi ya vita.

Basi boma likabadili kazi. Ghala ya bunduki ikawa na jirani yake, nacho ni chumba cha sala. Ua uliokuwa wa askari ukajaa watoto. Wengi wa watoto hao walikuwa wamekombolewa kwa nguo na shanga kutoka mikononi mwa wachuuzi wa watu. Wengine walikimbia wenyewe wakaingia mlangoni. Mwaka 1887 alifika Kapteni Leopold Joubert, Mfaransa aliyekuwa zamani askari wa Papa, naye akaanza kuwafundisha vijana kulinda vijiji. Joubert hakurudi kwao. Mwaka 1888 alimwoa binti wa nchi, Agnesi, wakazaa watoto, naye akafa Moba mwaka 1927, akiwa mzee wa miaka 85. Miaka kadhaa kabla vita vya Dola Huru ya Kongo na Waarabu havijaisha mwaka 1894, watu wa ufuko ule waliponea penye kuta za Mpala na vijiji vya Joubert.

Hapa pia tuseme kweli yote. Padri aliyepewa boma alipewa na utawala wake. Kwa muda mapadre walikuwa wachungaji na wakubwa wa nchi kwa pamoja: walihukumu mashauri, walikuwa na askari, waliamuru kazi. Mtoto aliyekombolewa hakuuzwa tena, na hiyo ni neema kubwa. Lakini hakuulizwa kila mara kama anataka kukaa misioni au kurudi kwao, hata kama alikumbuka kwao ni wapi. Wema wa mtu hauondoi uzito wa ufunguo alioushika.

Hata hivyo nyumba ile ilizaa jambo ambalo Storms hakulifikiri. Mwishoni mwa karne ya 19, chini ya Askofu Victor Roelens, Mpala palikuwa na shule ya makatekista, na vijana wachache wakaanza kusoma Kilatini. Mmoja wao aliitwa Stefano Kaoze, mtoto wa Watabwa, yaani wa taifa lilelile la Lusinga. Tarehe 21 Julai 1917 Kaoze alipewa upadre huko Baudouinville, ambako leo ni Kirungu karibu na Moba. Ndiye padri wa kwanza wa Kongo katika nyakati hizi mpya. Naye hakuwa msomaji tu wa maneno ya wengine: tangu mwaka 1910 aliandika kwa Kifaransa juu ya akili na desturi za watu wake. Alikufa mwaka 1951.

Tazameni, ndugu: miaka 33 tu yatenganisha kichwa cha Lusinga na mikono ya Kaoze iliyopakwa mafuta matakatifu. Mahali ni pamoja. Taifa ni moja.

Udongo wa mbali

Pengine msomaji atafikiri kwamba habari hizi ni za kwetu tu. Sivyo. Hata ng'ambo ya bahari kuu ziko nyumba za udongo zenye historia ya namna hii. Wahispania walipotawala Amerika walijenga kwa tofali bichi wanaloliita adobe. Neno hilo latoka katika Kiarabu, at-tub, kwa sababu Waarabu walikuwa wametawala sehemu za Hispania tangu mwaka 711 mpaka 1492. Nao Waindio wa Amerika, hasa wale wa nchi kavu, walikwisha kujenga kwa udongo zamani kabla ya Mhispania kufika. Basi tofali lile lilikutana na ndugu yake.

Huko California, Padri Yunipero Serra na Wafransisko wenzake walianza misioni ya San Diego mwaka 1769, na mpaka mwaka 1823 misioni zilikuwa 21. Mpango wake twaujua: kuta pande nne, ua katikati, kanisa upande mmoja, karakana na ghala pande nyingine, na askari hawako mbali. Mwaka 1775 wenyeji wa San Diego waliichoma misioni. Huko San Luis Obispo nako mapaa ya majani yaliwaka moto kwa mishale, hata mapadre wakaanza kufyatua vigae vya kuchoma. Walioyakanyaga matope na kufyatua matofali walikuwa Waindio, na wengi wao walikufa kwa magonjwa yaliyoletwa na wageni.

Mwaka 2015 Papa Fransisko alimtangaza Padri Serra kuwa mtakatifu, na mwaka huohuo, mwezi wa Julai, akiwa Bolivia, aliomba msamaha kwa dhambi walizotendewa wenyeji wakati wa kutekwa kwa Amerika. Mtu mmoja alifanya yote mawili. Alishukuru kwa imani iliyopandwa, akaomba radhi kwa machozi yaliyomwagika. Nasi twaona kwamba ndiyo njia ya kuitazama Mpala.

Basi tufanye nini?

Sisi watu wa Uvira hatuhitaji mwalimu wa kutueleza jinsi ukuta wa udongo unavyokufa. Mwezi wa Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika mjini mwetu, watu wakapoteza maisha na nyumba nyingi zikaanguka. Miaka iliyofuata ziwa lenyewe lilipanda, likaingia katika mitaa ya ufukoni. Tuliona wenyewe: maji hayabomoi ukuta kwa kuupiga tu. Hunywewa na tofali la chini, tofali lanyauka kama mkate katika chai, na ukuta wote walala. Wazee wa zamani za Storms waliona kinyume chake: mdomo wa Lukuga ulifunguka karibu na mwaka 1878, ziwa likashuka mwaka kwa mwaka, na ufuko ukarudi nyuma. Ziwa hupanda na kushuka. Mjenzi mwenye akili huuliza wazee maji yalifika wapi kabla hajachimba msingi.

Na kumbukumbu nayo ni hivyo hivyo. Haifi siku moja. Hunyauka kutoka chini, mzee mmoja akifa leo na mwingine kesho, mpaka siku moja twashangaa kwamba yote yamelala. Wahenga walisema, "Usipoziba ufa, utajenga ukuta."

Kwa hiyo twatoa mashauri matatu kwa wasomaji wetu. La kwanza: katika kila parokia yenye nyumba ya zamani, vijana waende kwa wazee na madaftari, waulize ni nani aliyejenga, si padri gani tu, bali fundi gani, na nani aliyechota maji. Waandike majina hayo, na siku ya kuadhimisha parokia yasomwe kanisani pamoja na ya mapadre waanzilishi. La pili: nyumba hizo zitunzwe kwa udongo, si kwa sementi tu. Sementi ikipakwa juu ya tofali bichi huzuia unyevu kutoka, na ukuta huoza ndani huku nje ukionekana mzima. Paa zuri, mfereji wa kuondoa maji, na kukandika kila mwaka: hayo yatosha. La tatu: tusifiche habari za Lusinga. Mwili wa mtu, hata akiwa mkosaji, wastahili kaburi. Kanisa hufundisha kwamba kuzika wafu ni tendo la huruma. Tuombe, na wakubwa wetu waombe, fuvu hilo lirudishwe kwa watu wake wakilitaka, lizikwe kwa heshima.

Mtume Petro awaita Wakristu mawe yaliyo hai ya nyumba ya Mungu. Sisi wa ziwa twaweza kusema pia: matofali yaliyo hai. Kwa maana sisi tumetoka katika udongo wa pande zote mbili, wa Lusinga na wa Kaoze, wa aliyekombolewa na wa aliyemteka. Mungu ndiye Fundi, naye aujua udongo aliouchagua. Kazi yetu ni kukubali kukanyagwa, kulainishwa na kujengwa pamoja, wala tusimkatae jirani aliye juu yetu au chini yetu katika ukuta huo.